Kadi Thelathini na Nane

Jumatatu, 3 Machi

Tumbo limetulia. Mke wangu anasisitiza kuwa ule wa Ijumaa ulikuwa ugonjwa. Mimi nasema ilikuwa baridi tu ya tumboni. Akasema baridi haimpeleki mtu chooni mbio mara sita. Mwalimu hajibizani na kila mtu.

Leo darasani kwangu hawakufika watoto tisa. Tisa kati ya thelathini na nane! Wote tumbo. Mzazi mmoja kaja mpaka ofisini, kasema maneno ambayo siyaandiki hapa.

Mwalimu Mkuu akaniita. Yeye ni mama wa sauti ndogo, na kadiri sauti inavyopungua ndivyo mambo yanavyokuwa makubwa. Leo ilibidi nimtegee sikio. Amesema bwana afya atakuja Ijumaa hii kukagua shule. Akikuta uchafu jikoni, jiko linafungwa na mpishi anakwenda kwake. Kabla ya hapo mimi, kwa kuwa ndiye mwalimu wa afya, niwafundishe watoto kunawa mikono, niwaeleze vijidudu ni nini, niwafundishe usafi wa chakula. Kisha akanong'ona kwamba nafasi ya msaidizi wake bado iko wazi, na macho yake pia yako wazi.

Msaidizi! Ofisi yenye mlango. Kiti chenye magurudumu!

Aliniuliza mbona wagonjwa ni wa Darasa la Nne peke yao, na jiko ni moja kwa shule nzima. Nilimwambia Darasa la Nne ni wepesi kudhurika kwa sababu wanafikiri sana. Akalirudia neno kwa neno, kwa kunong'ona. Nadhani jibu lilimwingia.

Mkosaji namjua. Yuko jikoni. Ni Shemeji, dada mkubwa wa mke wangu, mpishi wa shule hii mwaka wa kumi na moja sasa. Siku ya kwanza nilipokwenda kwao kujitambulisha, alinitazama kuanzia viatu kwenda juu, akamuuliza mdogo wake kama hakuna mwingine. Mbele yangu! Sijasahau. Siku zake zimefika.

Jumanne, 4 Machi

Somo la kunawa mikono. Nimewapanga watoto foleni bombani. Nimewaonyesha: viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole, kucha, kisha kuhesabu mpaka ishirini. Watoto wa mbele walihesabu mpaka ishirini. Wa nyuma walichoka wakaanza kumwagiana.

Sabuni tunayo. Mwalimu Mkuu kanunua miche kumi na miwili, lakini nimeifungia kabatini kwangu. Ukiiacha bombani itapotea siku hiyohiyo, nawajua watu wa hapa. Kiranja wa darasa, kabinti tunakokaita Daktari kwa sababu ya maswali yake, aliuliza kama kunawa bila sabuni kunatosha. Nilimwambia leo tunajifunza mikono, sabuni ni somo lake lenyewe.

Baada ya hapo, chakula. Hapa nieleze mfumo wangu wa kadi, maana iko siku watu watataka kujua ulianzaje. Zamani watoto walikuwa wanagombana dirishani kwa mpishi kama nyuki. Nikabuni kadi. Mwalimu Mkuu alinipa mwezi mmoja nijaribu na darasa langu tu. Saa ya chakula nasimama mlangoni na kadi thelathini na nane za karatasi ngumu. Nalamba kidole gumba, namhesabia kila mtoto kadi moja. Asiye na kadi hapakuliwi. Mkono mmoja sahani, mwingine kikombe. Basi kadi wanaibana kwa meno! Sikuwafundisha, wamejigundulia wenyewe. Wakirudi, nazichomoa kinywani moja moja, natia mfukoni, tayari kwa kesho. Hakuna fujo, hakuna kelele. Mtoto atapigaje kelele na kadi kinywani?

Shemeji tangu siku ya kwanza ananuna. Anasema watoto wanamjia dirishani kama mafundi cherehani wenye pini mdomoni, na kwamba hapendi. Wivu huo. Maendeleo yakianzia darasani, jikoni wanaumia.

Leo alinipakulia nusu upawa. Nimeandika ili lisisahaulike.

Jumatano, 5 Machi

Kumi na moja hawapo.

Somo la vijidudu. Nilichora kijidudu kikubwa ubaoni: pembe mbili, meno, masharubu. Mtoto wa dawati la mbele akaanza kulia. Mwingine akauliza vijidudu vinalala saa ngapi. Wa tatu akauliza kama kile cha ubaoni ni baba au mama. Nikafuta masharubu, wakasema sasa ni mama. Jamani! Nusu saa imepotea hivyo.

Nikawaeleza: chakula kifunikwe, inzi asitue, matunda yaoshwe, kilichoanguka chini kisiokotwe. Daktari akanyoosha kidole. Kauliza, kama vijidudu viko mikononi, na mtu akatia kidole kinywani, halafu kile kidole akakishikia kitu cha mwenzake, je, inakuwaje? Nikamsifu kwa swali zuri. Nikalamba kidole, nikafunua mwongozo wa mwalimu ukurasa baada ya ukurasa kutafuta jibu. Sikulipata. Watoto walikuwa kimya kabisa wakinitazama. Nilifurahi kwa utulivu ule, si kawaida yao.

Mchana nikaenda kupeleleza jikoni. Nilijibana nyuma ya pipa la maji, jicho kwenye ufa wa ukuta. Shemeji kanawa kabla ya kukata vitunguu. Kanawa baada ya kushika kuni. Kanawa alipofuta kamasi za mtoto aliyepita. Kanawa tena! Mara nne kwa robo saa, kwa sabuni, mpaka viwikoni. Mtu gani wa kawaida ananawa mara nne? Nikajua ameniona, anaigiza.

Ameniona kweli. Sauti ikatoka ndani, kama nimeshachoka kuchuchumaa basi nimsaidie kusugua sufuria. Nimesugua. Mbili.

Nyumbani mke wangu alikuwa amesikia habari zote. Kasema neno moja tu, tena akiwa amenipa mgongo: Dada ndiye aliyemlipia ada mpaka akamaliza shule, na ana watoto watatu wanaotegemea jiko lile. Jiko likifungwa kwa fitina yangu, mimi na yeye tutazungumza. Nikamwambia natafuta ukweli. Akasonya. Kulala tumelala, kila mtu na ukuta wake.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepata! Usingizi uliponiruka alfajiri, akili ikanijia.

Mke wangu ana kichupa cha rangi ya keki, ile ya unga. Iliyobaki kwenye keki ya mtoto wetu mdogo. Ikiwa kavu huioni, vumbi tu. Ikiguswa na maji, inakuwa nyekundu ya kutisha, na haitoki upesi. Nimejaribu kwenye sahani. Nimejaribu kwenye kitambaa cha mezani pia, kwa bahati mbaya. Kitambaa nimekigeuza.

Mpango ni huu. Kesho nifike wa kwanza. Rangi naipaka kwenye kishikio cha mlango wa jiko, kwenye mpini wa upawa, kwenye mifuniko ya sufuria. Shemeji akishika hivyo akaenda moja kwa moja kwenye chakula bila kunawa, unyevu utamwumbua. Mikono myekundu mbele ya bwana afya! Nami nitasimama pembeni, nitatikisa kichwa kwa masikitiko, nitasema, ah, kumbe.

Watoto je, watadhurika? Rangi ya keki inaliwa. Nimefikiria kila kitu.

Nimemwambia Mwalimu Mkuu kwamba kesho bwana afya atajionea mwenyewe. Akaniuliza nini. Nikatabasamu. Akanong'ona kitu, sikukisikia.

Ijumaa, 7 Machi

Lazima niandike yote.

Saa kumi na mbili na nusu nilikuwa jikoni. Brashi nilisahau. Nikapaka kwa kidole gumba, polepole, kila mpini, kila kishikio. Nikajipangusa kwenye suruali. Kidole kikaonekana safi kabisa. Kilikuwa kikavu.

Bwana afya alifika saa nne. Mtu mfupi, mwenye tochi na daftari dogo, hapotezi maneno. Akaingia jikoni. Nami nyuma yake, Mwalimu Mkuu nyuma yangu. Alimulika chini ya meza. Alimulika ndani ya pipa la maji. Alinusa kitambaa cha vyombo. Kisha akamwomba Shemeji atoe mikono.

Shemeji akatoa mikono.

Safi! Safi mpaka kwenye kucha. Akaambiwa aeleze utaratibu wake, akasema kila siku kazi ya kwanza, kabla hajagusa chakula, ni kumwagia maji ya moto na sabuni kila kitu kinachoshikwa. Vipini vyote. Mifuniko yote. Kishikio cha mlango pia. Bwana afya akaandika, akasema ni nadra kukuta jiko la shule namna hii. Nikatabasamu kwa taabu. Taya liliniuma.

Ikafika saa ya chakula. Bwana afya akasema anataka kuona watoto wanavyopata chakula, aanze na darasa lenye wagonjwa. Hapo nikapata nguvu mpya. Mfumo wangu! Nikamsimamisha karibu yangu kabisa asikose kitu. Watoto ishirini na saba waliokuwepo wakanawa bombani, wakajipanga. Nikalamba kidole gumba, nikatoa kadi ya kwanza. Nikalamba, ya pili. Nikalamba, ya tatu. Kwa kasi na madaha. Bwana afya hakuondoa macho. Nilidhani anavutiwa.

Watoto wakaenda dirishani, kadi menoni.

Wa kwanza kurudi alikuwa na midomo myekundu. Nikadhani kala kitu. Wa pili, myekundu. Wa tatu mpaka kidevuni. Wakaja mmoja baada ya mwingine, sahani mkono huu, kikombe mkono ule, na kila mdomo umekolea. Kadi zenyewe zilikuwa na alama za kidole gumba, nyekundu, mbichi. Darasa la Tatu wakaacha kula wakasimama kutazama.

Nilitaka kusema ah, kumbe. Mate yalinikauka.

Daktari alichomoa kadi yake kinywani, akanitazama, akasema kwa upole, kama mtu anayempa mwenzake pole:

"Mwalimu, na wewe."

Bwana afya akawasha tochi. "Mwalimu, hebu toa ulimi."

Nimefundisha miaka kumi na minne. Sijawahi kutoa ulimi mbele ya Darasa la Nne. Leo nimeutoa. Sikuuona, lakini nilisikia watoto ishirini na saba wakivuta pumzi kwa pamoja, kisha Darasa la Tatu wakaangua kicheko.

Akaniuliza mara ya mwisho kuumwa tumbo ilikuwa lini. Nikasema sikuumwa, ilikuwa baridi, Ijumaa iliyopita. Akauliza siku ile kadi niligawa? Niligawa, mimi sikosi kazini kwa kitu kidogo. Akauliza baridi hiyo ilinipeleka chooni mara ngapi. Sita. Akaandika sita. Akawauliza watoto kama kadi hizi ni zilezile kila siku, wakasema ndiyo, na kila siku unapata ya mwenzako. Akaandika. Akauliza wanaotumia kadi ni darasa gani. Akaandika. Mwisho akauliza sabuni iko wapi.

Ufunguo ulikuwa mfukoni kwangu, chini ya kadi. Kabati likafunguliwa. Miche kumi na miwili, karatasi zake hazijachanwa. Mwalimu Mkuu alisema kitu. Midomo nilikuwa naiona ikitembea, sauti hakuna hata kidogo.

Ikabaki rangi. Bwana afya akauliza, hii rangi imetoka wapi? Nilifungua mdomo, nikaufunga haraka kwa sababu ya ulimi. Nilijua yamekwisha. Mtu aliyepaka kitu kwenye vyombo vya chakula vya watoto hapewi ofisi yenye mlango. Hapewi hata chaki. Anaonyeshwa geti.

Shemeji akatoa kichwa dirishani. Akasema ni rangi ya hizo kadi. Karatasi za bei rahisi hizo, zikilowa zinatoa rangi, amelalamika tangu siku ya kwanza.

Bwana afya akamtazama. Akanitazama. Akaandika, akafunga daftari. Jiko limepita. Kadi zichomwe leo. Sabuni ikae bombani. Na mwalimu huyu aache kulamba kidole, kwa sababu watoto wake kawaumiza yeye.

Baadaye kila mtu akatawanyika. Shemeji alikuja na beseni na mche wa sabuni. Akaniambia ninyooshe mikono. Akaninawisha mwenyewe, kidole kimoja kimoja, kama ninavyowaonyesha watoto, ila yeye alifika mpaka kwenye kucha. Hakunitazama.

"Asubuhi vipini vyangu vilitoa maji mekundu, Shemeji," akasema. "Sijamwambia mtu. Wanao wananiita Mama Mkubwa."

Akamwaga maji, akaenda zake.

Nimekaa hapa tangu jioni najiuliza jambo moja tu: anataka nini huyu?

Jumamosi, 8 Machi

Ulimi bado. Nimepiga mswaki mara tano. Chumvi, ndimu, mkaa. Sasa midomo ni myekundu na ina mkaa.

Mke wangu amekuta kitambaa cha mezani. Amekuta kichupa. Hakugomba. Ndiyo mbaya zaidi. Alikaa kitandani, akanishika mkono, akauliza kama najua Dada yake kaniokoa kutoka wapi. Macho yalikuwa na machozi. Nikasema najua. Nikaona aibu, naandika wazi, niliona aibu sana. Nikamwahidi Jumatatu nitakwenda kumshukuru kwa mdomo wangu. Akasema nisubiri urudie rangi yake kwanza. Tukacheka wote wawili, mara ya kwanza wiki hii.

Jumatatu, 10 Machi

Nilikwenda jikoni kushukuru. Kwa bahati mbaya nilikuta Mwalimu Mkuu yuko hapo, anampa Shemeji kazi mpya. Kuanzia leo mpishi ndiye atakayefundisha shule nzima kunawa mikono. Mpishi! Na mwalimu wa afya, yaani mimi, nitajipanga foleni na Darasa la Nne, nioneshe mfano mwema. Shukrani nikaiahirisha. Nikasema nimepita kuuliza kama kuna chumvi.

Nimejipanga. Kati ya mtoto anayelia na mtoto anayemwaga maji. Shemeji kafundisha kwa sabuni, bila kuchora pembe. Watoto kimya, mikono juu, povu. Daktari ndiye mkaguzi wa kucha. Kanirudisha bombani mara mbili. Alisema gumba bado.

La furaha ni kwamba watoto wote wagonjwa wamerudi. Thelathini na nane kamili! Wengine bado wanashika tumbo na kukimbilia chooni, lakini wamekuja, na daftari zao wamekuja nazo. Nimewapa zoezi la mstari mmoja: taja njia ya vijidudu kuingia mwilini.

Nimezisahihisha jioni hii hapa nyumbani, mezani, huku nikila. Daftari zimechakaa, kurasa zimegandana, baadhi zina unyevu sijui wa nini. Bila kulamba kidole hazifunuki. Bwana afya alikataza kulamba wakati wa kugawa kadi. Kadi zimechomwa. Daftari hakuzitaja.

Wote thelathini na nane wameandika jibu moja. Kidole cha Mwalimu.

Nimewapa nusu alama. Jibu halijakamilika.

Jumanne, 11 Machi

Sijaenda kazini. Tangu saa nane usiku nimekwenda chooni mara saba. Jana jioni mke wangu aliomba aone mikono yangu kabla sijala, nikamwambia nimenawa shuleni, mbele ya mashahidi.

Nimelala hapa nafikiri. Jana mchana nilikula nini? Maharage. Ya nani? Ya Shemeji. Upawa mzima tena, sio nusu! Nikajiuliza wema ule ulianza lini, ghafla hivi, kuninawisha, kunitetea, kunijazia sahani. Kumbe!

Nimemwomba mke wangu karatasi nimwandikie Mwalimu Mkuu barua kuhusu jiko. Amekataa, ametoka na kufunga mlango. Si kitu. Nitachana humu humu mwishoni mwa shajara. Kurasa hizi nazo zimegandana, subiri nilambe kidole.